Tundu limezibwa, mwanangu anacheka: turudi kliniki kufanya nini?

*Barua*

Shikamoo mama muuguzi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Pasua hapa Moshi, nauza mitumba soko la Memorial. Kijana wangu wa kwanza ana miaka 17, yuko kidato cha nne, shule ya bweni.

Usiku wa tarehe 14 Aprili, akiwa nyumbani likizo, nilisikia kishindo chumbani kwake. Ilikuwa saa nane. Nikamkuta sakafuni amejikunja, jasho linamtiririka, tumbo limekakamaa kama ubao. Akasema, "Mama, kuna kitu kimepasuka ndani." Tukamkimbiza kwa bajaji hadi hospitali moja ya mkoa huu. Walimpiga eksirei amesimama, wakasema kuna hewa imetoka nje ya utumbo, aingie thieta mara moja. Alfajiri alitolewa ana mpira puani na mshono mrefu, kuanzia chini ya kifua mpaka kukipita kitovu.

Tulikaa wodini siku nane. Siku ya kuruhusiwa nilipewa karatasi na omeprazoli, zile dawa za kupunguza asidi, za wiki nne. Tulirudi nyuzi zikatolewa, daktari akaangalia akasema kidonda kizuri, akaandika tarehe nyingine, 9 Juni. Hakuna aliyenikalisha akanieleza kilichotokea. Na mimi sikuuliza, foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu.

Sasa kijana anakula, anacheka, anachungulia mpira wa wenzake uwanjani. Omeprazoli ziliisha wiki mbili zilizopita. Baba yake anasema mtu amepona, nauli na hela ya kliniki zilipe ada, maana tarehe 15 Juni anatakiwa kambi ya masomo. Bibi yake wa Kibosho ameleta shubiri kwenye chupa ya soda, na amepiga marufuku maharage, makande na pilipili. Jirani alitupeleka maabara ya mtaani, wakamtoboa kidole, wakasema ana bakteria wa vidonda vya tumbo. Duka la dawa wakaniuzia boksi la dawa za siku saba. Sijaanza kumpa, nimesita.

Kuna jambo linaninyima usingizi. Tangu Januari alikuwa anameza diklofenaki kwa goti aliloumia mpirani. Mimi ndiye nilikuwa namnunulia. Je, nilimtoboa mwanangu kwa mkono wangu? Na je, litatoboka tena? Mimi mwenyewe nina vidonda vya siku nyingi, natafuna magnesiamu maisha yanakwenda, sikuwahi kufikia huko.

Mama wa Pasua

*Jibu*

Marahaba, mdogo wangu. Poleni sana, wewe na kijana.

Nianze na hilo linalokunyima usingizi, maana usipolala hutanisikia kwa mengine. Diklofenaki inauzwa kila duka la dawa, na mzazi anayeona goti la mwanawe limevimba hununua dawa ya maumivu. Hukukosa upendo, ulikosa mtu wa kukuambia. Ndiyo, dawa hizo zinaweza kuchimba kidonda: hupunguza ute unaolinda ukuta wa tumbo, na asidi ikapata pa kuuma. Lakini si kila anayezimeza hutoboka. Mara nyingi kuna kitu cha pili kilichokuwa kinamsubiri, na kwa kijana wa umri wake wa kwanza kumshuku ni huyo bakteria uliyetajiwa, Helicobacter pylori. Wawili hao wakikutana tumboni kwa mtu mmoja, hatari ni kubwa kuliko kila mmoja akiwa peke yake.

Wala msidhani ni ajabu iliyoipata nyumba yenu tu. Mwaka 2011 madaktari wa hospitali ya Bugando, Mwanza, walichapisha taarifa ya wagonjwa 84 waliopata tatizo hili hili. Umri wa kati ulikuwa miaka 28, na karibu saba katika kila kumi hawakuwa wamewahi kutibiwa vidonda vya tumbo. Nimefanya kazi wodi ya upasuaji miaka mingi, na sura nilizozoea kuziona kitandani na mpira puani ni za vijana, wengi wao wakishangaa kwamba wana vidonda.

Sasa swali la baba yake: mtu amepona, kliniki ya nini?

Mwambie hivi. Usiku ule daktari alifanya kazi ya kuokoa roho. Alifungua tumbo, akaosha uchafu uliomwagika, akaliziba tundu. Mara nyingi huchukua kipande cha ule utando wa mafuta unaoning'inia mbele ya utumbo, akakilaza juu ya tundu na kukifunga kwa nyuzi. Kinashika vizuri sana. Lakini bakteria kama yupo, nyuzi hazimuui. Goti nalo litauma tena Julai, na mwenzake bwenini atampa vidonge viwili vya diklofenaki kwa moyo safi. Kilichotoboa Aprili bado kipo nyumbani kwenu. Kliniki ya tarehe 9 Juni ndiyo siku ya kukitafuta, na kwa maoni yangu ina uzito sawa na ule usiku wa bajaji. Nauli hiyo itoke. Ikishindikana kabisa, pale hospitali ulizia ofisi ya ustawi wa jamii kabla hamjaingia kwa daktari. Kazi yao ni pamoja na kuwasikiliza wasio na uwezo wa kulipa.

Nenda na karatasi uliyopewa siku ya kuruhusiwa, nenda na boksi la siku saba bila kulifungua, na nenda na swali moja ambalo hukuniuliza: tundu lilikuwa wapi hasa?

Usione ni swali la kitaalamu mno kwako. Kama lilikuwa mwanzo wa utumbo mwembamba, pale chakula kinapotoka tumboni, hiyo ndiyo hali ya kawaida kwa vijana. Kama lilikuwa kwenye tumbo lenyewe, ni lazima mtu achukue kinyama kidogo cha kidonda kikapimwe, kwa sababu vidonda vya mahali hapo mara chache huficha saratani, hata kwa mtu mwenye umri mdogo. Yawezekana walikwishachukua siku ya upasuaji. Uliza majibu yako wapi. Na kama lilikuwa chini kabisa, mwisho wa utumbo mwembamba, basi habari inabadilika, maana taifodi nayo hutoboa utumbo wa vijana, na tiba yake ni nyingine. Karatasi yako huenda imeandika yote haya kwa herufi za daktari zisizosomeka. Mwombe akuandikie upya, kwa herufi kubwa. Mwanao atahitaji karatasi hiyo siku akiumwa tumbo akiwa chuo, mbali na wewe.

Tuje kwenye kipimo. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimeona familia nyingi zikipotezwa hapa.

Kile cha kidole, tone la damu kwenye kidude cha plastiki mpaka mistari miwili ijitokeze, hakimwoni bakteria. Kinaona kinga ambayo mwili ulitengeneza dhidi yake. Kwa mtu ambaye hajawahi kutibiwa kinaweza kuwa dalili, na kwa mwanao sikitupi. Ila kinga hiyo hubaki kwenye damu miezi mingi, hata miaka, baada ya bakteria kufa. Ndiyo maana mtu anatibiwa, anarudi maabara ile ile, anaambiwa bado unao, anauziwa dozi nyingine, na nyingine tena. Nimekutana na dada mmoja aliyemeza dozi nne kwa sababu ya mstari ule.

Kinachomtafuta bakteria mwenyewe ni kipimo cha choo kikubwa, au kile cha kupuliza pumzi mahali kinapopatikana. Cha choo kina sharti lake: omeprazoli humfanya bakteria ajifiche, kwa hiyo lazima mtu awe ameiacha wiki mbili, na antibayotiki awe amezimaliza wiki nne nyuma. Hesabu ya mwanao imekaa vizuri bila ninyi kupanga. Omeprazoli imeisha wiki mbili, na za wodini za Aprili zimeshapita. Kwa hiyo siku hiyo ya kliniki, kabla hajameza chochote kipya, mwombe daktari kipimo cha choo. Ukianza leo lile boksi, umeharibu nafasi hiyo.

Na siku saba ni chache. Tiba ya huyu bakteria siku hizi huandikwa siku 14: omeprazoli pamoja na antibayotiki mbili, kwa kawaida amoksilini na klarithromaisini, au metronidazoli badala ya mojawapo. Wengine huongezewa dawa ya nne. Kipimo cha kila moja ataamua daktari kwa uzito wa mtoto. Kama amewahi kuvimba uso au kutoka vipele baada ya penisilini, useme kabla hajaandika. Mdomo utakuwa na ladha ya chuma, choo kinaweza kulegea, na siku ya tano kijana atakuambia yuko sawa, aache. Asiache. Dozi iliyokatwa katikati huwaacha wale bakteria wagumu, na mara ya pili dawa hizo haziwagusi.

Tuseme anaanza tarehe 10 Juni. Anamaliza tarehe 23. Hesabu wiki nne kuanzia hapo: kipimo cha kuthibitisha kwamba bakteria wameisha kisifanyike kabla ya tarehe 21 Julai. Kama daktari atamwongezea omeprazoli baada ya zile siku 14, mwambie mapema kuhusu tarehe hiyo, kwa sababu itabidi isimame wiki mbili kabla ya kipimo. Iandike kwenye kalenda ya ukutani. Kwa mtu aliyewahi kutoboka, kipimo hiki cha pili si cha hiari, na ndicho kinachorukwa na wengi kwa sababu wakati huo mgonjwa hana hata kiungulia.

Umeuliza kama litatoboka tena. Bakteria akiisha kweli na dawa za maumivu zikakoma, uwezekano wa kidonda kurudi unakuwa mdogo sana. Hilo nakuambia bila kusita. Zamani watu walikatwa neva za tumbo na hata kipande cha tumbo ili asidi ipungue, kwa sababu ilidhaniwa chanzo ni asidi na mawazo tu. Madaktari wawili wa Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall, ndio waliosema ni bakteria. Marshall hakuaminiwa, hata mwaka 1984 akanywa mwenyewe mchuzi wa bakteria hao na tumbo lake likawaka. Mwaka 2005 wakapewa tuzo ya Nobel. Mwanao anapata tiba ya siku 14 mahali ambapo babu yake angekatwa tumbo. Akifanya yote haya na kidonda kikarudi, au vikatokea vingi kwa pamoja, au anaharisha kila mara bila sababu, basi daktari apime pia homoni inayochochea asidi. Ni ugonjwa adimu, lakini huwapata hata vijana.

Kipimo cha kamera kupitia kooni, endoskopi, hapa Moshi kinafanyika hospitali ya KCMC. Kama tundu lilikuwa tumboni, nakusihi kifanyike. Tarehe 9 Juni ni wiki nane kamili tangu upasuaji, na huo ndio wakati wake, kidonda kikiwa kimepata muda wa kufunga. Kama lilikuwa kwenye utumbo mwembamba na kijana hana dalili yoyote, daktari anaweza kusema si lazima. Msikilize, usidhani anawabania.

Dawa za maumivu: diklofenaki, ibuprofeni, aspirini, meloksikamu, piroksikamu, zote zimeisha kwake. Sindano pia. Watu wengi hudhani sindano ya diklofenaki ni salama kwa sababu haipiti tumboni, kumbe dawa inazunguka kwenye damu na kuufikia ukuta wa tumbo kutokea ndani. Vile vidonge vya mseto vya kichwa vya dukani, baadhi vina aspirini ndani yake, msome boksi. Kinachobaki ni parasetamoli. Na goti lenyewe likaonwe. Miezi mitatu ya maumivu kwa mchezaji wa miaka 17 inataka daktari wa mifupa au mtaalamu wa viungo, la sivyo vidonge vitamfuata tu.

Jambo jingine, na hili nakuomba ulipokee. Siku ya kliniki, toka nje dakika kumi. Mwache kijana na daktari peke yao. Sigara huchelewesha kidonda kufunga na hukirudisha, na daktari atataka kujua pia kuhusu pombe na mirungi. Simtuhumu mwanao. Najua tu kwamba mtoto wa kidato cha nne hawezi kutamka "navuta" mama akiwa amekaa pembeni na mkoba magotini.

Bibi wa Kibosho asivunjiwe heshima. Mtori wake ni chakula kizuri mno kwa tumbo lililotoka kupasuliwa, mwambie aendelee nao. Maharage na makande hayakumtoboa mjukuu wake, na pilipili huwasha tu, haichimbi. Wiki hizi ale kidogo kidogo mara nyingi, kisha arudi chakula cha nyumbani cha kawaida, kiburu kikiwemo. Kijana anayekua hawezi kuishi kwa uji, na wapo niliowaona wakikonda kwa woga wa chakula kuliko kwa ugonjwa. Shubiri ikae kwanza kwenye chupa yake mpaka dozi iishe, maana hatujui ina nguvu kiasi gani, na tumbo likianza kuharisha hatutajua kama ni shubiri au antibayotiki.

Kwa shule, omba barua ya daktari. Iseme asibebe ndoo, asishike jembe, asicheze mpira mpaka aruhusiwe. Daktari ataweka vidole juu ya mshono na kumwambia akohoe. Akisikia kitu kinasukuma kutoka ndani, ni henia inaanza, na ruhusa itasogezwa. Dawa za siku 14 zitaangukia kambini, kwa hiyo mkabidhi matroni karatasi ya saa za kumeza, na mwalimu wa zamu ajue kwamba mtoto huyu harushi mlo. Mtihani wa Novemba ataukuta yuko mzima.

Kuna dalili ambazo hazisubiri tarehe ya kliniki. Maumivu ya ghafla kama yale ya Aprili. Kutapika huku tumbo limejaa na hewa haitoki, maana utumbo uliowahi kupasuliwa unaweza kunasa kwenye makovu ya ndani, hata baada ya miaka. Choo cheusi kinachonata kama lami. Homa, mshono kutoa usaha, au kwikwi isiyokoma pamoja na maumivu ya bega, ambayo huweza kuwa usaha uliojikusanya chini ya mbavu. Hapo ni hospitali muda huo huo, bila kumpa chakula wala kidonge njiani. Karatasi yenye dalili hizi ibandikwe ndani ya sanduku lake la bweni, na rafiki yake wa kitanda cha jirani aisome.

Nimalizie na mstari wako wa mwisho, ule ulioupitia haraka. Unatafuna magnesiamu siku nyingi na unasema maisha yanakwenda. Bakteria huyu huambukizwa zaidi ndani ya nyumba, utotoni, na mama na watoto mara nyingi hukutwa na wa aina moja. Magnesiamu inapooza asidi kwa saa chache, haigusi kinachokula ukuta. Na mwanao alikuwa hajui kama ana vidonda mpaka saa nane ya usiku ule. Tarehe 9 Juni, mkishapewa kikopo cha choo cha kijana, sema na daktari habari zako, uombe na chako.